Böshük, beibi koti au mbeleko: mtoto alale wapi?

Shoga yangu aliyeolewa Istanbul alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba, na sita kati ya hizo zilikuwa za mavyaa yake. Mumewe ni Muyghur. Mama mkwe alizaliwa na kukulia Kashgar, mji wa Wauyghur magharibi kabisa mwa China, mjukuu wa kwanza yuko njiani, na bibi huyo amekwisha agiza böshük, kitanda cha mbao cha kubembelezea mtoto, kutoka Uzbekistan kwa sababu ile aliyomlelea mwanawe ilibaki nyumbani na hakuna wa kuituma. Shoga yangu ni mtu wa Mombasa. Mkobani ana kanga mbili za mbeleko alizopewa na mama yake, na kwenye simu ana picha ya kitanda cha mtoto cha dukani, kile chenye fito pembeni ambacho wengi wetu tunakiita beibi koti. Anauliza achague kipi bila kuvunja nyumba.

Nilimjibu kwa urefu, na jibu lenyewe nimelipanga hapa upya. Kuna Waswahili wengine walioingia kwenye familia za Asia ya Kati, na wapo wanaoona picha za böshük wakadhani ni mateso ya watoto. Si mateso, ila pia si kitanda tu.

Kitu chenyewe

Wauyghur ni Waislamu wanaosema lugha iliyo ndugu wa Kituruki, na wengi wao wako Xinjiang, magharibi kabisa mwa China. Sensa ya 2020 iliwahesabu huko zaidi ya milioni 11.6. Böshük ni kitanda chao cha kumbembelezea mtoto, na jirani zao wanacho pia: Wauzbeki na Wakazaki wanakiita kwa jina lililo ndugu wa hilo, Watajiki wanakiita gahvora. Ni cha mbao zilizochongwa kwa kerezo na kupakwa rangi kali za nyekundu, njano na kijani. Miguu yake imepinda kama upinde ili kiyumbe. Juu yake, kutoka kichwani hadi miguuni, umepita mti mmoja ambao mama huushika anapobembeza, na juu ya mti huo hutandazwa kitambaa cha kuzuia mwanga, nzi na baridi.

Mtoto hulazwa chali kwenye godoro gumu, miguu imenyooshwa pamoja, mikono ubavuni, kisha hufungwa kwa mikanda mipana ya kitambaa, mmoja kifuani na mikononi, mwingine magotini. Akilia usiku, mama hamtoi. Huinama juu ya ule mti, akampa ziwa mtoto akiwa palepale amefungwa.

Halafu kuna tundu. Katikati ya godoro na ubao lipo tundu, chini yake kimewekwa chombo. Kati ya miguu ya mtoto huwekwa kijiti cha mbao kilicho wazi ndani, kiitwacho shümek, kinachopeleka mkojo moja kwa moja chomboni. Cha mvulana kina mdomo wa duara, cha msichana mdomo wake ni mrefu. Vinauzwa mafungu kwa mafungu kwenye masoko ya Kashgar, na kichekesho cha siku zote ni mtalii anayenunua kimoja akidhani ni kiko cha tumbaku.

Böshük huingia nyumbani kwa sherehe. Desturi ni kwamba mtoto wa kwanza mama huenda kumzalia kwao, na upande wa mama ndio unaotoa böshük pamoja na matandiko yake. Karibu na siku ya 40 mtoto huogeshwa, kisha hufanywa böshük toyi, yaani karamu ya böshük, wanawake wakakusanyika, watoto wakagawiwa peremende. (Kwa Wakazaki wana mchezo wa kupitisha peremende katika lile tundu, watoto wakizinyakua chini kwa vicheko. Nani alisema wazee hawana utani.) Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa arobaini ni nini. Adhana sikioni, jina, mama kutunzwa ndani siku 40, mtoto kutolewa nje: yote haya shoga yangu aliyakuta ugenini kama yaliyomtangulia. Kwa upande huu hapakuwa na ugomvi wowote kati yake na mavyaa.

Mkojo ndio unaoamua

Hapa ndipo nilipomwambia aanzie, ingawa watu wengi huanzia kwenye mikanda.

Fikiria nyumba ya Hotan au Kashgar, miji ya Xinjiang, miaka ya nyuma. Hakuna pampasi. Januari maji yanaganda. Nepi ya kitambaa ikilowa, itafuliwa wapi na itakauka lini? Shümek ilimweka mtoto mkavu usiku kucha, bila upele, bila ndoo ya kufua asubuhi. Kwa kazi hiyo sijui chombo cha kale kilichoishinda. Nepi zetu za kufua zilikuwa na jua la pwani. Wao hawakuwa nalo.

Ila angalia inavyofanya kazi. Kijiti kinakaa mahali pake kwa sharti moja tu: miguu iwe imenyooka, imebana, na haitikisiki. Mtoto akikunja magoti, shümek inatoka na godoro linalowa. Kwa hiyo mkanda wa magotini haukuwekwa kwa ukali wa wazee wala kwa imani ya kunyoosha miguu peke yake. Umewekwa kulinda bomba. Ukiondoa bomba, sababu kubwa ya kufunga miguu imeondoka nayo.

Kwenye beibi koti unanunua pampasi, na pampasi ni hela kila wiki. Kwenye mbeleko pia, isipokuwa uwe kama bibi zetu waliojua kwa mjongeo wa mtoto mgongoni kwamba wakati umefika, wakamshusha. Mavyaa hakukosea aliposema böshük ni rahisi mfukoni kuliko duka la pampasi. Hesabu yake ni sahihi. Kinachobaki ni kwamba gharama imehamia sehemu nyingine.

Nyonga

Sehemu hiyo ni nyonga. Mtoto tumboni hukaa amekunja miguu, na anapozaliwa kichwa cha mfupa wa paja kimekaa kwenye kikombe cha nyonga ambacho bado ni laini. Kikombe hicho hukomaa vizuri pale mapaja yanapokuwa yamekunjwa na kutanuka, kama chura. Ukiinyoosha miguu na kuibana pamoja saa nyingi, miezi mingi, unausukuma mfupa nje ya kikombe. Wengine hawapati neno. Wengine nyonga hulegea, na wachache huteguka kabisa, wakaja kuchechemea na kuumwa nyonga utu uzimani.

Mfano ninaoupenda ni wa Japani. Huko nako watoto walifungwa miguu imenyooka, na waliokutwa na nyonga zilizoteguka walikuwa kati ya asilimia 1.1 na 3.5. Mwaka 1975 ikaanza kampeni ya nchi nzima ya kuwaambia wakunga na mama wawaache watoto wakunje miguu. Kiwango kikashuka hadi chini ya asilimia 0.2. Mbegu za wazazi hazikubadilika. Namna ya kuvisha watoto ndiyo iliyobadilika.

Upande wa pili ni sisi. Hospitali moja ya mifupa ya watoto mjini Blantyre, Malawi, ilipitia kumbukumbu zake za mwaka 2002 hadi 2012, watoto zaidi ya 40,000, na haikukuta hata mmoja aliyepasuliwa kwa ugonjwa huu. Waliochapisha waliona mbeleko inaweza kuwa sababu mojawapo: mtoto mgongoni hukaa amepanua mapaja kuukumbatia mgongo wa mama. Inawezekana damu nayo ina sehemu yake, kwa hiyo tusijisifu kupita kiasi. Lakini mtoto mwenye nyonga iliyolegea, akifikishwa mapema kwa daktari, huvishwa mikanda maalumu inayoishika miguu ikiwa imekunjwa na kutanuliwa. Yaani daktari wa mifupa anamkalisha mtoto mkao uleule wa mbeleko.

Kwenye jambo hili mbeleko ni ya kwanza, beibi koti ya pili kwa kuwa haimlazimishi mtoto chochote, na böshük ya kimila ni ya mwisho kwa mbali. Shoga yangu nilimkazia zaidi kwa sababu mtoto wake ametanguliza makalio na vipimo vinasema ni wa kike, na hivyo vyote viwili huongeza uwezekano wa nyonga kulegea. Nilimwambia aombe nyonga zipimwe akizaliwa, zipimwe tena wiki sita baadaye, hata akichagua kulaza mtoto mawinguni.

Pumzi na usingizi

Hapa böshük ina sifa ambayo haisemwi. Inamlaza mtoto chali, kwenye godoro gumu, hawezi kujigeuza kifudifudi. Wazungu walichelewa kuyafahamu hayo. Madaktari wa watoto wa Marekani walianza kushauri watoto wasilazwe kifudifudi mwaka 1992, kampeni ikaenea 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Bibi wa Kashgar alikuwa analaza chali kabla babu zao hawajazaliwa.

Na mtoto analala kweli. Kubanwa kidogo, kuyumbishwa, na älläy, ule wimbo wao wa kubembeleza unaorudia neno hilohilo kama sisi tunavyorudia howa: ukiweka vitatu hivi pamoja, mtoto wa wiki mbili hana ujanja.

Tatizo liko juu. Kile kitambaa kinachotandazwa kwenye mti, hasa wanapoweka viwili vitatu wakati wa baridi, hufunga hewa, huongeza joto, na humnyima mtoto jua. Ndani ya nyumba ya Istanbul yenye hita hakina kazi. Tatizo la pili ni mikanda mtoto anapokua. Ushauri wa sasa ni kuacha kumfunga mtoto mara tu anapoonyesha dalili za kutaka kujigeuza, mara nyingi mwezi wa tatu au wa nne. Böshük ya kimila huendelea hadi mwaka na zaidi.

Beibi koti ni salama ikiwa tupu, na hapo ndipo watu wetu wanapoharibu. Mito yenye picha za sungura, blanketi zito, doli, vitambaa vya kuzungushia fito: vyote hivyo vitoe. Godoro liwe gumu, libane kingo zote, shuka moja. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6, kichwa kisipite. Viti vya kubembea vya umeme vinavyomlaza mtoto mshazari usimwache alale humo. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022 kupiga marufuku vitanda vya watoto vilivyoinamishwa zaidi ya nyuzi 10, baada ya watoto kufa.

Mbeleko si kitanda cha usiku. Ya mgongoni hungoja shingo ikaze, kabla ya hapo ni kupakata, na popote mtoto alipo uso uonekane na kidevu kisizame kifuani. Zaidi ya hapo sina la kuongeza, mama yake alishamfundisha.

Kisogo, na kutembea

Mtoto anayelala chali saa nyingi kichwa kikiwa palepale, kisogo hubapa. Kwa Wauyghur wengi kisogo bapa ni uzuri. Kwetu mtoto mwenye kisogo bapa ataulizwa kama alilazwa ukutani. Kitabibu si jambo la kutisha likiwa dogo, na kumlaza kifudifudi akiwa macho, ukimwangalia, dakika chache mara kadhaa kwa siku, husaidia kichwa na shingo. Nililipita haraka, maana huo ni ugomvi wa macho ya watu.

La kutembea ndilo lenye utafiti. Timu ya wanasaikolojia wa makuzi kutoka Marekani, akiwemo Lana Karasik na Karen Adolph, ilifanya kazi Tajikistan kwa miaka kadhaa na kuanza kuchapisha mwaka 2018. Waliona watoto wachanga wanaokaa kwenye gahvora hadi karibu saa 20 kwa siku, saa hizo zikipungua wanavyokua. Watoto hao walichelewa kukaa, kutambaa na kutembea ukilinganisha na vipimo vya Shirika la Afya Duniani. Kisha wakawapima watoto wa miaka minne na mitano waliolelewa hivyohivyo, wakawakuta wanakimbia na kuruka sawa na wenzao wa kwingine.

Kwa hiyo anayesema böshük inamlemaza mtoto akili na miguu anatia chumvi. Na anayesema haina athari yoyote hajasoma sehemu ya kwanza. Mimi nimebaki na ile hesabu ya saa. Mtoto aliyefungwa saa mbili mchana na aliyefungwa saa 20 wako kwenye böshük moja, lakini hawajalelewa malezi mamoja.

Nani yuko nyumbani?

Böshük ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba fulani. Mama ana unga wa kukanda, ana tanuri la kuwasha (nao huliita tonur, neno limesafiri pande zote mbili), ana ng'ombe, ana jiko la makaa katikati ya chumba ambalo mtoto anayetambaa angelifikia. Mtoto aliyefungwa yuko salama, na yeyote anayepita, dada, shangazi, jirani, anausukuma ule mti kwa mguu akaendelea na yake. Mbeleko ilijibu swali hilohilo kwa njia nyingine: mama anakwenda shambani au kisimani, basi mtoto anakwenda naye. Beibi koti imekuja na nyumba yenye vyumba, mlango unaofungwa na mtu mmoja tu wa kulea.

Huko kwao nyumba ile inabomoka, na si kwa sababu ya pampasi peke yake. Mji mkongwe wa Kashgar ulianza kubomolewa na kujengwa upya mwaka 2009, familia nyingi zikahamia ghorofani. Vijana wa mijini walishaanza kununua vitanda vya dukani na kusikiliza wauguzi, kama ilivyo kila mahali. Hayo ni mabadiliko ya kawaida. Yaliyofuata si ya kawaida. Mwaka 2017 ndipo watu walipoanza kuzuiliwa kwa wingi kambini, na sheria ya idadi ya watoto ikabanwa. Takwimu za China zenyewe zinaonyesha vizazi Xinjiang vikishuka kutoka 15.88 kwa kila watu 1,000 mwaka 2017 hadi 8.14 mwaka 2019. Ripoti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya Agosti 2022 ilisema zipo dalili za kuaminika kwamba uzazi wa mpango ulilazimishwa; serikali ya China inakanusha. Mwaka 2023 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaeleza wasiwasi wao juu ya watoto wa Kiuyghur kupelekwa shule za bweni, mbali na familia na lugha yao.

Nimeyataja kwa sababu yanabadilisha uzito wa maneno ya mavyaa. Mwanamke wa Kazakhstan akikataa böshük ya mama mkwe, ni kitanda kimekataliwa. Böshük ziko sokoni kesho. Mavyaa huyu wa Istanbul hajui kama barabara aliyokulia ina mtoto mchanga hata mmoja. Shoga yangu alikuwa anajibu kwa habari za nyonga, na mwenzake alikuwa haongei habari za nyonga.

Nilichomwambia

Kwanza, aipokee böshük, na böshük toyi ifanywe kamili siku ya 40, ndugu wa Mombasa waje kwa video. Kumlaza mtoto humo kwa saa moja ya sherehe, amefungwa kimila, hakumdhuru kitu.

Pili, usiku alale kwenye kitanda cha fito kando ya kitanda cha mama, tupu, chali. Hapo asilegeze.

Tatu, böshük iwe ya mchana, usingizi wa asubuhi na wa alasiri, chini ya macho ya bibi. Kitambaa cha juu kisifunike. Mkanda wa kifuani ulegezwe kiasi cha kiganja kupita, na mkanda wa magotini uachwe kabisa, mtoto avae pampasi akunje miguu atakavyo. Akianza kutaka kujigeuza, mikanda yote iishe hapo. Tundu lizibwe kwa ubao na godoro lisilo na tundu, maana mguu ulio huru huweza kuingia.

Nne, shingo ikikaza, mbeleko. Na mavyaa afundishwe kufunga. Mwanamke aliyelea watoto maisha yake yote hawezi kushindwa na kanga.

Na kama vipimo vya nyonga vitaonyesha kasoro, basi yote ya böshük yanasimama mpaka daktari aseme.

Jibu lilirudi baada ya siku mbili, safari hii dakika mbili tu. Usiku kitandani, bibi amekubali. Miguu iachwe, amekubali kwa shida, baada ya muuguzi wa Kituruki kumwonyesha kwa mikono yake jinsi paja linavyokaa kwenye kikombe. Kumfunga mbeleko amecheka sana, kisha akaomba afungiwe mto ajaribu. Bado wanabishana kuhusu shümek. Amenunua mbili, ya msichana na ya mvulana, ya pili kwa ajili ya mtoto ajaye, na pampasi amesema atanunua yeye asiyetaka kijiti.